Lita mia tatu kutoka Riyadh hadi Jeddah

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Jangwa bado halijaamua kama limeamka. Mchanga una wekundu wa mbali, ukungu umeshuka hadi magotini, na mwezi ungali juu ingawa hakuna anayeuhitaji tena.

Winfred Mutheu ameketi kwenye ngazi ya karavani nyeupe, sikio ameliegemeza ukutani. Ndani, bafuni, Layan, binti wa bosi wake, anaoga. Winfred hamwoni. Anayasikia maji tu, na hayo yanamtosha.

Anagonga ukuta mara mbili, maji yanakatika. Hiyo ndiyo ishara ya kufunga bomba na kujipaka sabuni. Muda ukipita anagonga mara moja, na maji yanarudi, ya kujisuuza. Chini ya karavani amechomoa mpira wa maji machafu na kuuingiza kwenye jerikeni la njano. Jerikeni linajaa polepole, kwa sauti nene inayozidi kuwa nyembamba.

Hiyo ilikuwa Januari, kilomita mia mbili hivi magharibi mwa Riyadh. Leo ni Septemba, na Winfred anaisimulia asubuhi ile akiwa uani kwa bosi wake, mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh, karibu na karavani yenyewe iliyofunikwa turubai kungoja baridi irudi.

"Mimi huskia tu," anasema. "Kwa kuskia najua ni lita ngapi imetoka. Layan akifika sita, nagonga. Akijifanya hajaskia, nagonga kwa nguvu."

Winfred ana umri wa miaka thelathini na mmoja. Anatoka Mutomo, Kitui, na ni mfanyakazi wa nyumbani anayelipwa riyali elfu moja kwa mwezi, pamoja na chakula na kitanda. Alikuja Saudia akimfuata dada yake mkubwa, Serah, aliyekuwa ametangulia kwa miaka miwili kufanya kazi kama hiyo Jeddah.

"Ajenti aliniuliza Riyadh ama Jeddah. Nikasema popote. Nilifikiria ni kama Machakos na Nairobi, ati Jumapili naenda kuona Serah, jioni narudi."

Machakos na Nairobi ni mwendo wa saa moja na ushee. Riyadh na Jeddah ni karibu kilomita elfu moja za lami na mchanga. Tena mfanyakazi wa ndani hasafiri kwa kuwa amemkumbuka dada yake. Husafiri kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, akisafiri, na huenda kafili anakokwenda. Kufikia Januari, Winfred na Serah walikuwa hawajaonana ana kwa ana kwa miaka mitano.

Kisha habari mbili zikaja wiki moja. Ya kwanza ilitoka kwa Serah: mkataba umekwisha, anapanda ndege Jeddah Ijumaa usiku, na harudi tena. Ya pili ilitoka sebuleni, kwa baba mwenye nyumba, anayeitwa Abu Layan. Familia itakwenda Jeddah kwa karavani, na itapiga kambi jangwani njiani. Itaondoka Jumatatu na kufika Ijumaa asubuhi.

Mambo yalikuwa yamejipa, mtu angesema. Tatizo ni kwamba karavani hiyo ilikuwa imejaribu safari hiyohiyo mwaka uliotangulia, na Jeddah haikuiona.

Ilishindwa kwa sababu ya maji ya kuogea. Watoto waliwahi kuogeshwa kwa maji ya kisima cha kando ya barabara, wakawashwa wiki nzima, na tangu hapo madam haruhusu maji mengine yaguse ngozi ya mtu wake ila yaliyotoka nyumbani. Tangi la karavani huchukua lita mia tatu. Watu ni saba: baba, madam, bibi mzaa baba, Layan mwenye miaka kumi na mitano na nywele za kufika kiunoni, wadogo zake wawili wa kiume, na Winfred. Mwaka ule maji yaliisha siku ya pili alasiri.

"Madam alifungua bomba, likakohoa," Winfred anakumbuka. "Akasema, 'Mafi moya. Halas. Yalla, Riyadh.' Ati maji hakuna, imeisha, turudi. Baba akaanza kukunja viti."

Kwa hiyo Winfred aliijua hesabu yake kabla gurudumu halijazunguka. Maji yakifika Ijumaa, atamwona dada yake. Yakiisha njiani karavani itageuzwa, na Serah ataruka.

Hakumwambia mtu. "Ukianza kuomba vitu kwa safari, safari ingine unaachwa na pasi na nguo. Nilisema tu, madam, wacha nisimamie maji. Akafurahi sana. Alidhani ni bidii ya kazi."

Methali inasema maji yakimwagika hayazoleki. Aliyeitunga hakuwahi kuishi Mutomo. Huko wakati wa kiangazi watu huchimba mchanga wa mto mkavu kwa mikono, wakasubiri maji yajitokeze chini ya shimo, wakayateka kwa kibuyu kidogo kidogo. Mama yao Winfred alikuwa na utaratibu usiobadilika: maji ya kuoshea mboga yaoshe sufuria, maji ya mtoto aliyeoga karaini yaoshe miguu ya wengine, kisha yapigie sakafu deki, kisha yaende kwenye mpapai. Papai likiliwa, Winfred anacheka, watu walikuwa wanakula maji yao ya kuoga.

Huo ndio utaratibu alioupakia kwenye karavani. Maji yakifunguliwa bafuni hutoka baridi kwanza, na watu huyaacha yamwagike wakingoja ya moto. Hayo aliyakinga kwa ndoo, yakaosha vyombo. Maji ya sabuni aliyakusanya kwenye jerikeni, yakasukuma choo na kuosha miguu yenye mchanga. Mwenyewe hakuoga. Alijifuta kwa kitambaa chenye maji, siku baada ya siku, na hakuona ajabu yoyote.

Jumatatu ilipita, na Jumanne ikapita. Jioni familia ilikaa kwenye zulia mbele ya moto wa kuni, gahawa ikizunguka, na kimya cha jangwa kikawa kikubwa hadi watu wakawa wanazungumza kwa kunong'ona bila kuambiwa. Winfred aliosha finjani kwa maji ya ndoo. Kila alipopita mlangoni alitupa jicho kwenye kipimo cha tangi, chenye taa nne ndogo za kijani. Jumanne jioni taa tatu zilikuwa bado zinawaka.

"Hiyo usiku niliota Serah anaongea ndani ya tangi," anasema, sauti ikishuka. "Sikushika maneno. Nilikuwa naskia tu anaongea, na mimi niko nje nimeshika hiyo chuma, ni baridi. Niliamka nikiwa na furaha, sijui kwa nini."

Furaha hiyo haikuvuka asubuhi ya Jumatano.

Bibi, ambaye nyumba nzima humwita Yumma, ana miaka sabini na minane na huamka kabla ya kila mtu kwa ajili ya sala ya alfajiri. Alikuwa ameona jinsi maji ya tangi yanavyolindwa, akaona vibaya kuyafungulia. Mlangoni palikuwa na jerikeni la njano, limejaa. Akatia udhu kwa maji ya jerikeni, akatandika mswala mchangani, akasali.

Alipomaliza akajipangusa uso kwa viganja, na viganja vikanukia shampuu ya Layan.

Akamwita Winfred, akamuuliza maji yale ni ya nini. Winfred hakuficha. Ni maji aliyoogea Layan jana.

"Kwetu maji yakishaogesha mtu, yanaosha miguu ya mwingine, na hakuna mtu anauliza," anaeleza. "Nilijua dini zetu ni tofauti, lakini sikujua ni mpaka maji. Sikujua kuna maji ya mchanga na kuna maji ya Mungu."

Maji ya sabuni hayafai kwa udhu, kwa hiyo sala ya Yumma ilibidi irudiwe. Madam alipopata habari alipandwa na hasira ambazo hata baba hakuthubutu kuzigusa. Yeye kama mkwe ndiye anayewajibika kwa mama wa mumewe mbele ya Mungu, na sasa mama huyo ametawadha kwa povu la nywele. Akatangaza kwamba mambo ya jerikeni halas. Kila mtu aoge anavyotaka. Wale wavulana wawili wakaingia bafuni wakiimba.

Winfred alisimama nje. Alisikia maji yakienda, na hakuwa na ruhusa ya kugonga. Taa ya tatu ikazimika mbele ya macho yake.

"Nilienda nyuma ya kilima cha mchanga, nikalia. Sikulia ya kukemewa. Kukemewa nimezoea. Nililia kwa sababu nilikuwa naskia Serah akiisha."

Yumma alimfuata huko, bilauri ya maji mkononi. Akaketi mchangani bila haraka na kutawadha upya, mikono, kinywa, uso, mpaka miguu, na bilauri moja ikatosha. Kisha akauliza, kwa Kiarabu chepesi anachomtengea Winfred, "Binti yangu, nimeona mabahili wa fedha. Bahili wa maji ya kuoga sijawahi. Unamwekea nani?"

Winfred akasema. Dada yangu yuko Jeddah. Anaondoka Ijumaa.

"Mama mmoja?"

"Mama mmoja, baba mmoja."

"Mara ya mwisho mlionana lini?"

"Miaka mitano."

Yumma aliinuka kwa kushika bega la Winfred, akatembea hadi kwenye karavani, akaugonga ukuta mara mbili kwa fundo la kidole. Ndani, wimbo ukakatika, na maji yakakatika.

Akamwambia mkwewe maneno ambayo Winfred huyarudia hadi leo kwa kuiga ile sauti kavu ya kikongwe: "Kosa la huyu limenigharimu rakaa mbili, na naenda kuzilipa sasa hivi. Nywele za binti yako zitatugharimu Jeddah. Gharama ya nani inalipika?"

Baada ya hapo jerikeni lilirudi kazini, likiwa limefungwa kitambaa chekundu shingoni ili asikosee mtu mwingine. Yumma hakuoga tena njia nzima. Layan, ambaye Winfred anasema si mtoto mbaya ila ana nywele nyingi, alizisuka mkia mmoja na kukataa kuzifungua hadi baharini. Baba alianza kunawa uso kwa kikombe, na akawa anajivunia kama aliyegundua kikombe hicho yeye mwenyewe.

Alhamisi walivunja kambi na kushika barabara, kutwa nzima, milima ikija na kupita kwenye kioo. Kabla ya Makka baba aliacha njia kuu na kushika ile ya kuzunguka, kwa kuwa Winfred ni Mkristo, na ndani ya gari hakuna aliyenung'unika. Walilala kando ya barabara. Taa iliyobaki ilikuwa moja.

Ijumaa saa nne asubuhi karavani ilisimama ufukweni, kaskazini mwa Jeddah.

Serah, aliyeelekezwa na Winfred kwa simu, alifika alasiri kwa teksi, sanduku moja kubwa na mfuko wa plastiki. Bosi wake alikuwa amemruhusu apitie hapo akielekea uwanja wa ndege. Walikuwa na dakika arobaini.

"Alikuwa mnono kuliko kwa simu," Winfred anasema. "Na mimi aliniambia nimekauka. Tukasimama tu. Unajua umengoja mtu miaka mitano, halafu unamuuliza, 'Umekula?'"

Serah alikuwa ametoka kusugua nyumba nzima ya bosi wake tangu alfajiri, siku yake ya mwisho kazini, na alinuka jasho na dawa ya sakafu. Winfred akamtazama madam. Madam akatazama kipimo, akamtazama Serah, kisha akaingia ndani na kutoka na taulo safi iliyokunjwa.

"Nikamwambia Serah, ingia, oga mpaka yaishe."

Yaliisha akiwa na povu kichwani. Serah alitoka amejifunga kanga, macho kafumba, anacheka, anapapasa. Winfred akamwinamisha kwenye ngazi na kumsuuza nywele kwa chupa mbili za maji ya kunywa, kidole kwa kidole, nyuma ya masikio, na hapo ndipo maneno yalipowajia, kwa Kikamba, yote kwa pamoja, hata hawakusikilizana. Teksi ikapiga honi.

Sasa Serah yuko Mutomo, kwa mama yao, anafuga kuku na kupigana na kunguru. Hutuma ujumbe wa sauti jioni, na Winfred huusikiliza akipiga pasi. Mkataba wa Winfred unaisha Novemba. Bosi amemwomba aongeze miaka miwili, kwa mshahara wa juu zaidi. Yumma alimwita kando akamwambia asikubali.

Hatakubali. Anataka kufungua kibanda cha chai sokoni Mutomo, lakini hilo, anasema, linaweza kungoja hata mwaka.

"Dakika arobaini haikutosha kitu. Nikifika sitaki sherehe, sitaki watu waitwe," anasema. "Nataka tulale chumba moja na Serah, tuzime taa, tuongee mpaka mmoja ashikwe na usingizi katikati ya maneno. Halafu asubuhi aniulize, 'Ulikuwa unasema nini?'"