Mwimbaji wa Saa ya Chai

Nilipokuwa fundi wa nguo katika hoteli moja hapa Doha, aliletwa kwangu mwanamke Mmarekani ambaye zipu ya gauni lake ilikataa kufunga. Alikuwa ndiyo kwanza amefika. Kazi yake ilikuwa kuimba katika ukumbi wa chini kila alasiri, wageni wakinywa chai na kula zile keki ndogo ambazo mtu mwenye njaa hawezi kuziita chakula. Meneja wa burudani alimwacha mlangoni kwangu, akasema, "Huyu awe tayari kabla ya saa tisa," akaenda zake.

Chumba changu kilikuwa chini kabisa, kati ya dobi na stoo ya shuka. Kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, feni, na sare za wafanyakazi zimetundikwa kuta zote hadi darini. Mmarekani alisimama katikati, akaniuliza angevulia wapi. Nilimwonyesha pazia. Akatoka amevaa joho la kuogea la hoteli, akanipa gauni, akaketi juu ya kikapu cha nguo chafu kana kwamba ni kiti.

"Mimi hukonda nikiwa na kazi na kunenepa nikiwa sina," alisema. "Gauni hili ni la wakati wa kazi."

Nilifumua mishono ya ubavuni. Bahati nzuri aliyelishona alikuwa fundi mwenye huruma, ameacha kitambaa cha akiba ndani ya bitana. Nilipokuwa nikishona nilimwita "madam", naye akakataa. Aliuliza kwetu Kenya ningemwitaje. Nikamwambia kwa umri wake ningemwita mama.

"Mungu wangu!" akasema. "Juzi tu nilikuwa natafuta kazi ya kuigiza mke mchanga. Hakuna kitu kingine?"

Tukakubaliana "dada". Alilitamka vibaya kwa wiki nzima, kisha likakaa sawa.

Sikujua kwamba alikuwa mtu wa televisheni. Aliyemtambua ni mlinzi wa mlango wa wafanyakazi, Mganda mmoja aliyependa tamthilia kuliko usingizi. Siku moja nikiingia kazini alinishika mkono. "Sista, unajua unamshonea nani? Yule ni nesi! Yule nesi wa ile hospitali ya kwenye tivii, aliyegongwa na gari siku ya harusi yake. Sisi nyumbani tulilia, hata mzee alilia."

Nilimuuliza mwenyewe alipokuja kupunguziwa mikono ya blauzi. Akacheka. "Ni mimi. Niligongwa kwa sababu walibadilisha mwandishi, na mwandishi mpya hakupenda manesi."

Kuanzia hapo alinieleza maisha yake kidogo kidogo, kila alipokuja na nguo. Nadhani nyingine hazikuhitaji fundi. Chumbani kwake juu hakuwa na wa kuongea naye, na wanamuziki wengine wa hoteli walikuwa vijana waliokaa na simu zao.

Alizaliwa katika mji mdogo wenye kiwanda cha karatasi. Baba yake alikuwa fundi wa piano. Aliingia nyumba za watu, akafungua piano zao na kuziweka sawa, naye mtoto akikaa pembeni akisikiliza noti moja ikigongwa mpaka ikubali. Aliimba kanisani, akaimba kwenye harusi, kisha akahamia jiji kubwa na kuonekana kwenye tangazo la dawa ya meno. Alionekana meno tu, alisema, uso ulikatwa. Ndipo akapata unesi wa kwenye tamthilia, akaukalia miaka. Alipouawa kwenye hadithi, watu waliomkuta dukani walimkumbatia wakifurahi kumwona mzima.

Baada ya hapo akacheza filamu ambayo alidhani ingemfungulia milango. Walirekodi msimu mzima wa baridi. Filamu ilipotoka, akaenda kuitazama na mama yake, akakuta sehemu yake imepunguzwa hadi kisogo kinachopita dirishani.

"Mama alikitambua kisogo?" nikauliza.

"Mara moja. Akasema, 'Yule pale!' Watu wakageuka kumtazama."

Nyimbo alianza kuandika kwa sababu ya kungoja. Alisema kazi kubwa ya mwigizaji ni kungoja, na kuigiza ni mapumziko ya kungoja. Alitoa albamu, waandishi wa magazeti wakaisifu, watu hawakuinunua. Kisha mwimbaji mmoja, binti mdogo, akauchukua wimbo mmoja kwa makubaliano, akauongezea ngoma, nao ukaenda dunia nzima. Aliponiimbia mwanzo wake pale kwenye kikapu cha nguo, niliujua. Kila mtu alikuwa anaujua. Nilikuwa nimeucheza harusini Nakuru.

"Huo ni wako?"

"Ni wangu. Niliuandika baba alipokuwa mgonjwa."

Nikaona haya kidogo, kwa jinsi nilivyoucheza.

Kule ukumbini meneja alitaka nyimbo zinazojulikana tu, za watu wengine, kwa sauti isiyowazuia wageni kuzungumza. Yeye alitii. Lakini wimbo ule mmoja ulijulikana, kwa hiyo ulikuwa halali, na aliuimba polepole kama alivyouandika. Alasiri moja mgeni mmoja alimwita mhudumu, kijana wetu wa Kisii, akampa ujumbe ampelekee mwimbaji. Kijana akaja kunisimulia akiwa ameshika mbavu. "Manze, yule mgeni ametuma niseme: unaimba vizuri, lakini tafadhali imba kama mwenyewe alivyoimba!"

"Naye akasemaje?"

"Akasema, 'Mwambie nitajaribu.' Akauimba kwa haraka, na vidole anapiga. Mgeni akafurahi sana."

Sikucheka. Aliposhuka siku iliyofuata nilimuuliza kwa nini hakusema ukweli.

"Ningesema, angeona aibu na chai yake ingepoa. Alikuja kupumzika yule mzee. Isitoshe, baada ya miaka hii yote, sijui tena kama mwenyewe ni mimi au ni yule binti."

Hakulisema kwa uchungu. Lilikuwa jambo alilokuwa amelipima siku nyingi.

Ijumaa moja, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada yetu, aliniomba nimpeleke kanisani kwetu Mesaimeer. Tuliteremka kwenye basi, tukapita ukaguzi, tukaingia katika yale majengo ambamo kila chumba kina lugha yake ya kusali. Chetu ni cha Kiswahili, na mimi huimba sauti ya pili. Mlinzi wetu alikuwa ameshatangaza habari, kwa hiyo kina mama walikuwa wamejiandaa kumpokea msanii. Mmoja alileta hata maua ya plastiki. Lakini kiongozi wa kwaya, nesi wa kweli, mwanamke wa Machakos asiyepoteza maneno, alimtazama akasema, "Karibu sana. Hapa mgeni huanza kwa kusikiliza. Utakaa nyuma na sauti ya pili."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamtafsiria kwa kulainisha. Yeye akaenda nyuma mbio, akasimama kati yangu na mama mmoja wa Busia, akasikiliza mstari mmoja, wa pili akaingia. Hakuinua sauti kutushinda. Aliiweka chini ya zetu, na sauti yetu, ambayo kwa kawaida ilikuwa ikiyumba, ikasimama. Kiongozi alituangalia mara moja, akaendelea kupunga mkono. Baadaye tukinywa chai ya karak kwenye vikombe vya karatasi, Mmarekani aliniambia kwamba tangu utotoni hakuwa ameimba mahali ambapo hakuna anayemtazama. Akarudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine nyingi. Kiongozi hakumpa kuimba peke yake hata siku moja, naye hakuomba.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne aliposhuka akikimbia, nywele hazijachanwa. Wakala wake alikuwa amempigia simu: kuna filamu, wanatafuta mwanamke wa kuigiza mama, na kila mwigizaji ajirekodi akiigiza kipande kimoja, akitume siku hiyohiyo. Chumbani kwake sauti ilikuwa inarudi kutoka kwenye marumaru. Kwangu, kwa zile sare zilizojaa kutani, sauti ilitulia.

"Nahitaji mtu wa kusoma maneno ya binti," akasema. "Hutaonekana. Sauti tu."

"Kiingereza changu ni cha Kenya."

"Binti amekaa nchi za mbali. Kitafaa."

Tuliegemeza simu kwenye roli za uzi juu ya cherehani, nikazima feni. Kisa kilikuwa kifupi. Binti amerudi nyumbani baada ya miaka mingi. Mama amemkuta jikoni, na badala ya kumuuliza alikokuwa, anamuuliza habari za safari: kama basi lilichelewa, kama alikula njiani. Mara ya kwanza nilisoma kwa sauti kubwa, nimenyooka.

"Usinisomee kama uko madhabahuni," akasema. "Niambie tu."

Mara ya pili ilikuwa afadhali. Mara ya tatu tulianza vizuri. Nikafika pale binti anaposema, "Mama, hutaki kujua kwa nini sikuja?" Naye alitakiwa kujibu kwamba mtu akishafika, swali hilo halina kazi tena. Alilijibu huku akipanguza meza yangu ya kukatia kwa kiganja, kama anayekusanya makombo. Zamu ikawa yangu. Nikaona maneno kwenye karatasi, na sikuweza kuyatoa.

Mimi nilikuwa na miaka sijaenda nyumbani. Kila likizo ilipofika palikuwa na sababu: mara hoteli imejaa, mara mdogo wangu anajenga. Mama yangu hakuwahi kulalamika. Kila nikipiga simu alisema, "Kazi kwanza, mwanangu, sisi tupo." Nami nililichukua neno hilo kama lilivyo, kwa sababu lilinifaa.

Nilisimama pale nimeshika karatasi. Mmarekani hakukatisha. Alinitazama kitambo, kisha akavuta mkono wa sare yangu na kusema taratibu, "Kaa. Utachoka kusimama." Maneno hayo hayakuwepo kwenye karatasi. Nikakaa. Akazima simu.

"Pole, nimeharibu," nikasema. "Turudie."

"Hukuharibu. Nilikuwa naigiza. Uliponyamaza nikaacha kuigiza." Akatuma hiyohiyo.

Hatukulizungumza tena siku hiyo. Nilikuwa na suruali za wapishi za kukunja pindo. Lakini kabla ya kutoka kazini nilipita ofisini kuomba likizo.

Jibu la filamu lilichukua muda. Alipokuja kunieleza alikuwa anacheka na kusikitika pamoja. Umama walikuwa wamempa mwingine, mwenye jina kubwa. Lakini mwongozaji aliipenda ile rekodi, na yeye akapewa jirani.

"Jirani ana maneno?"

"Ana maneno. Na hafi, nimeuliza."

Ramadhani ilikuwa inakaribia, na hoteli husimamisha muziki mwezi huo, kwa hiyo mkataba wake ulimalizika bila ugomvi. Alasiri yake ya mwisho nilipanda ukumbini na shali lake mkononi, kisingizio cha kuwa pale. Kabla ya wimbo wa mwisho aliwaambia wageni, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba angeimba wimbo alioutunga mwenyewe. Akaimba ule wimbo wa baba yake, polepole. Meza ya karibu na piano ilinyamaza. Meza nyingine ziliendelea na mazungumzo yao, na mtoto mmoja alikuwa akichokonoa keki. Makofi yalikuwa ya heshima. Meneja alikunja uso, kisha akasema, "Khalas, basi, ni siku ya mwisho." Mmarekani alishuka jukwaani akachukua shali, akaniuliza kama mguu wa kushoto wa suruali yake haukuwa mrefu kuliko wa kulia. Ulikuwa mrefu. Sikumwambia.

Mimi nilienda nyumbani Agosti. Mama alikuwa amefupika, na jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho, jambo ambalo hakuna aliyenitajia. Alinipapasa mabega na kiuno, akasema, "Umenenepa, Mungu ni mwema," akaingia jikoni. Nilimpeleka kufanyiwa upasuaji Nakuru. Wakati bandeji iko jichoni alinitaka nimsimulie kazi yangu, nikagundua hakujua kabisa ninafanya nini. Alidhani miaka yote nilikuwa natandika vitanda. Nikamweleza cherehani, sare, yule mwanamke wa kikapuni. Alipenda sana habari ya kisogo.

Filamu tuliitazama mwaka uliofuata, Al Wakrah karibu na Doha, nyumbani kwa mama wa Busia, kwaya karibu nzima, na mlinzi akiwa ameshika kiti cha mbele. Jirani alitokea mara chache tu. Anaingia bila hodi, anaazima sufuria, anasema jambo moja la ukweli ambalo wenye nyumba hawataki kulisikia, anatoka. Kila alipoingia tulipiga kelele mpaka hatukusikia anachosema, ikabidi turudishe nyuma. Kiongozi wa kwaya, mwenye kusifu kwa kipimo, alisema, "Huyu anajua kusikiliza wenzake." Lile tukio la jikoni la mama na binti nalo lilikuwepo, wakiigiza wengine. Walifanya vizuri. Nililitazama bila shida.

Sasa nimehama ile hoteli. Nashona katika duka la sare za shule, nina dirisha. Mmarekani hunitumia ujumbe wa sauti mara kwa mara, mrefu, akiongea huku anatembea. Mwezi uliopita alisema amepata kazi ya kuigiza hakimu kwenye tamthilia, anakaa tu juu na kugonga nyundo, jambo zuri kwa goti lake. Alisema ana nyimbo mpya na ukumbi mdogo unaomruhusu kuziimba Jumapili, watu wakija wachache, wakikaa kimya. Kisha akauliza kama kitambaa cha kitani kinaweza kufuliwa kwa mashine. Nilimjibu kwamba kinaweza, kwa maji baridi, na asikikamue.