Saa za Mhasi Yirdaw

Huko Gojamu, Yirdaw alikuwa mhasi wa mafahali. Fahali hulazwa, mishipa iliyo juu ya korodani ikapondwa kwa rungu, akainuka maksai wa kulima shamba la tefu, nafaka ya huko. Wahasi ni wengi, ila Yirdaw alizidi kwa udadisi. Akimaliza kazi hakuondoka. Alikaa akipapasa na kuhesabu saa, akitaka kujua kwa nini korodani ambayo haikuguswa inakufa kwa sababu ya mshipa tu, na baada ya saa ngapi.

"We Yirdaw, unamtafutia fahali mchumba?" wenzake walimcheka.

Asubuhi moja, saa mbili, akiwa amemfunga fahali wa mzee Admasu, maumivu yalimkata Yirdaw ghafla kwenye korodani yake ya kulia. Hakupigwa wala hakuanguka. Alitapika palepale zizini. Mkewe, Tirunesh, alimlaza na kumpondea majani ya damakase, dawa ya kienyeji.

"Hii ni michi, ugonjwa wa jua. Jana ulitoka jasho, jua likakupiga. Kunywa, ulale hadi jioni."

"Jua linipige huku, mwanamke? Na suruali nimevaa?"

Alikunywa, maana kwao kila mtu hunywa. Kisha akajipapasa. Korodani ilikuwa imepanda juu, imelala upande, na alipoigusa tu alikaribia kupiga kelele. Homa hana. Haja ndogo haimchomi. Vidole vyake vilijua kabla ya kichwa: mshipa umejisokota, damu haifiki. Aliogopa, aliogopa haswa, kwani ya kushoto ilipigwa teke na ng'ombe utotoni ikasinyaa, na mwaka wa tatu huu yeye na Tirunesh wanangoja mtoto.

"Niitie majirani na machela. Naenda hospitali."

"Utamvulia nguo mtu usiyemjua?"

"Mafahali mia tatu wamenivumilia mimi."

Wakambeba hadi barabarani, akafika mjini saa sita mchana. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Yirdaw akafumba macho.

"Tangu saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Umewahi, kaka. Zikipita saa sita tangu yaanze, tunaanza kubahatisha. Maumivu yakija polepole na homa, au ukiona uvimbe hata usiouma, pia uje. Ila haya ya ghafla hayalaliwi."

Walimpasua, wakausokotoa mshipa, wakashona korodani isizunguke tena. Alipozinduka aliuliza kwanza, "Mshipa ulijizungusha mara ngapi?"

"Mara mbili," daktari akacheka. "Na rangi imerudi. Nenda kazae."

Alilia mbele yake, bila haya.

Baada ya miezi miwili mzee Admasu alimleta fahali yuleyule. Yirdaw akamlaza, akafanya kazi yake, akamfungua kamba na kumlambisha chumvi. Kisha akachukua rungu lake aende.

"Leo hukai kuhesabu saa, mwanangu?"

"Hapana, baba," alisema Yirdaw. "Nilishazihesabu."