Siku niliyomtaka Suzi avue kilemba Mlowo

Wakuu, nawasalimu wote.

Simu ni ya binti yangu na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zikiyumba mnivumilie. Uongo sitaweka. Mbaya katika habari hii ni mimi mwenyewe, sasa nidanganye ili iweje.

Zamani kwetu Isansa tulikuwa na mashine ya kumenya kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Mkono unauma, kahawa haiishi. Na kulikuwa na kuku mmoja mwekundu, anataga juu ya magunia, hataki kwingine. Huyo kuku tumwache.

Ili kazi isogee nilikuwa namwigiza shangazi yangu akigombana na kuku wake. Wachumaji wanacheka mpaka wanakaa chini. Ndipo nikajua nina sauti ya mwanamke kooni.

Nikakua, nikaoa, nikazeeka na sauti yangu. Kikundi cha vichekesho hapa Tunduma kikanichukua nikawa mama wa kikundi. Kitenge, kilemba, matambara kifuani. Tunaigiza harusini, na siku za soko wenye maduka wanatukodi tuwavutie wateja.

Tulikuwa na utaratibu. Mchezo ukiisha, wanaume tuliovaa kike tunasimama mbele, tunavua vilemba, kila mtu anasema kwa sauti yake: "Mimi Baba Tito, nina watoto sita." Upara wangu ukionekana, watu wanacheka upya.

Sababu ya utaratibu huo ni dereva mmoja wa lori, Mzambia, aliyeninunulia chipsi na soda mbili akitaka kunioa. Alipojua ukweli nilikimbia na viatu vya kisigino, kimoja kikabaki kwenye matope. Nyie chekeni tu.

Mwaka juzi akaja Suzi.

Fundi cherehani, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, katokea Sumbawanga. Kazaliwa mwanaume, hilo alimweleza mwenyewe kiongozi wetu Hamisi, na Hamisi akampa nafasi za kike kama zangu. Aliomba kitu kimoja tu, asiingizwe kwenye kuvua kilemba. Hamisi akakubali.

Wakuu, niliungua.

Mimi miaka kumi na mbili naonyesha upara, yeye anashuka na kilemba chake. Wateja wakipiga simu wanauliza, "Suzi yupo?" Mimi hawaniulizi. Mke wangu alikuja kututazama siku moja, nikamuuliza ametuonaje.

"Yule anajua kukaa," akasema. "Wewe baba Tito unakaa kama gunia la mahindi."

Nikameza. Nikamfuata Suzi kwenye cherehani yake, aliyoiweka barazani kwa Hamisi, nikamwomba anifundishe ile sauti na ule mwendo.

"Baba, sina cha kukufundisha," akasema, mguu haujaacha kukanyaga. "Wewe unamwigiza mwanamke, na unajua kweli, mimi nacheka kuliko wote. Ukimaliza unavua, unarudi kwa mama Tito. Mimi simwigizi mtu. Nikitoka kazini hivi ndivyo ninavyokwenda dukani, ndivyo ninavyolala."

Nikaona ananinyima ujuzi. Hivyo ndivyo wivu unavyosikiliza.

Nikaenda kwa Hamisi nikamwambia avue kama sisi, la sivyo natoka. Hamisi aliogopa kunipoteza, akamwambia Suzi utaratibu ni wa wote.

Suzi akaja kwangu asubuhi ya soko la Mlowo, tunapakia vyombo.

"Baba, leo nikisimama pale niseme jina gani?"

"Jina lako la kweli."

"Hilo ndilo mnaloniita kila siku."

Nikamwambia asilete maneno mengi.

Funzo naliweka hapa, maana tukifika mwisho sitakuwa na la kuongeza. Mimi nilikuwa navaa kazi. Nguo zile zilikuwa za kuchekesha, chini yake yupo Baba Tito mzima. Suzi alikuwa kavaa nguo zake. Ni watu wawili tofauti kabisa, na mimi nilishindana muda wote na mtu ambaye hakuwa hata kwenye mashindano. Wivu wenyewe haujaisha, sitawaficha. Mwenye la kusema aandike hapo chini, matusi pia nitayasoma, binti yangu atanisaidia kwenye maneno marefu.

Basi mchezo ukaisha. Nikavua kilemba, nikasema watoto wangu sita, watu wakacheka. Nikamgeukia.

"Na wewe jitambulishe."

Suzi akashika ncha ya kilemba kwa vidole viwili. Akaiachia.

"Mimi ni Suzi. Nashona nguo Tunduma."

Sauti ile ile. Watu wakangoja ibadilike, haikubadilika. Mmoja nyuma akasema, "Vua tuone." Wengine wakadakia. Na mimi, wakuu, mzee mzima na matambara yangu kifuani, nikasema, "Vua."

Akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama fundi aliyepima kitambaa akakuta hakitoshi.

Akashuka, akapita katikati ya watu na magunia ya maharage, wakampisha wenyewe. Akashika kando ya lami, mwendo ule ule ambao sikuwahi kuuweza, mpaka malori yakamziba.

Cherehani yake ipo kwa Hamisi mpaka leo. Hakuirudia.