Baba Alitaja Jina Moja

Tulipomaliza mitihani ya darasa la kumi na mbili, mimi na mwenzangu wa mlango wa pili tulipumzika. Wazee wetu ndio walioanza kupata tabu.

Tulikuwa tunakaa Mkunazini, katika nyumba tuliyopewa baada ya Mapinduzi, tukitokea Ng'ambo. Ghorofa ya juu ilikuwa na milango miwili. Upande mmoja tulikaa baba, mama na mimi. Upande wa pili alikaa jirani yetu na binti yake, ambaye ndiye huyo mwenzangu. Jirani alikuwa mtu wa Kizimkazi. Mumewe alikwenda Tanga kutafuta kazi akakaa huko moja kwa moja, naye akabaki kumlea mtoto kwa kushona kofia. Baba yangu alikuwa seremala bandarini. Jiko lilikuwa moja, na mama yangu na jirani walipika pamoja. Jirani akiletewa ng'onda, samaki wa kukaushwa, kutoka kwao, sote tulikula ng'onda. Mama akipata mchele baada ya foleni, ulipikwa chungu kimoja.

Sisi wawili tuliomba nafasi ya chuo cha ualimu. Mwenzangu alikuwa mbele yangu, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote nyumbani. Hesabu zilizonishinda alinifundisha yeye, alasiri, tumekaa kwenye ngazi kwa sababu hapo ndipo palipopita upepo. Hakuwa akichoka wala kunicheka. Akiona sijafahamu, alirudi mwanzo na kushika njia nyingine.

Tuliambiwa majina ya waliochaguliwa yatasomwa redioni, ila hakuna aliyejua lini. Redio ilikuwa yetu, na mawe ya redio, yaani betri, siku zile yalikuwa adimu madukani. Baba akapiga marufuku taarabu. Mchana aliyatoa yale mawe akayaanika juani dirishani yapate nguvu, na jioni aliyarudisha ili tusikilize taarifa ya habari tu. Jirani alikuja na kofia yake mkononi, akakaa karibu na mlango, akashona huku masikio yako kwa msomaji. Taarifa ikisha bila ya majina, baba alizima.

Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kusubiri. Mama alifua. Alifua hata mashuka yaliyokuwa safi, mpaka vidole vikachubuka. Jirani alishona mstari wa viua, yale mapambo ya kofia, akaukagua, akaufumua wote, wakati mimi sikuona ulipokosewa. Baba aliacha kula vizuri akasingizia jino. Nilipowaambia kwamba nisipochaguliwa nitatafuta kazi nyengine, mama alinikazia macho kana kwamba nimetukana. Yeye hakusoma zaidi ya msahafu. Nilikuwa naona wanavyokonda kwa ajili yangu, na chakula kikawa hakinipiti, kwa sababu najijua: sikuwa mwanafunzi wa kustahiki mashaka yote yale.

Siku moja baba alisema kuna mtu waliyekua pamoja, sasa ana kazi katika afisi inayohusika na mambo ya skuli. Alikuwa hajamwendea kwa sababu hapendi kuombaomba. Lakini atakwenda, walau akamsalimie.

Jirani alikuwa anapeta mchele. Aliinua uso, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, ukifika huko, na mwanangu mtaje. Mimi sina wa kunisemea."

Baba akamjibu, "Inshallah, dada. Wote ni wanangu."

Akaenda asubuhi, kavaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Aliporudi alipita moja kwa moja chumbani. Mama akamfuata, nami nikaingia na maji ya kunywa. Baba akaeleza kwamba alipokewa vizuri, wakakumbushana utoto, na yule bwana akamuuliza mwenyewe kama ana mtoto aliyefanya mtihani. Baba akamtajia jina langu.

"Na wa jirani?" mama akauliza.

Baba alishika gilasi asinywe. "Nilikuwa namtaja. Akaingia mtu, mazungumzo yakakatika. Nikaogopa nikisema wawili, atawaacha wote wawili."

Mama akamwambia arudi. Baba akasema ataonekana msumbufu, na huenda akaharibu lililokwisha kutengenea. Wakabishana kwa kunong'ona, maana ukuta ulikuwa mmoja na jirani. Mwisho mama akamwachia. Mimi nikachukua gilasi, nikatoka. Kwenye ngazi nilimkuta mwenzangu na daftari la hesabu, akaniuliza kama baba amerudi na habari gani. Nikamjibu kwamba bado hakuna habari.

Majina yalisomwa jioni moja, tukiwa tumekwisha kukata tamaa. La kwangu lilipotajwa baba alishika kichwa kwa mikono miwili. Mama aliniangalia mimi, halafu akamwangalia jirani, akabaki kumwangalia yeye. Msomaji aliendelea, jina baada ya jina, na jirani alikuwa ameacha kushona. Mwenzangu alisimama mlangoni, midomo inamcheza, kama anayehisabu. Majina yakaisha. La kwake halikuwamo.

Jirani ndiye aliyenipa mkono wa kwanza. Akanipongeza, akamwambia mama Mungu amemjibu, akamchukua binti yake wakaingia kwao. Mama alikuwa ameweka nadhiri ya kupika pilau akisikia jina langu. Hakuipika wiki ile wala iliyofuata. Alisema nyama haipatikani, lakini nyama ilikuwapo.

Kama neno la baba lilinisaidia au halikunisaidia, sijui mpaka leo. Baba naye hakujua, na nadhani hilo ndilo lililomtesa. Angelijua kwamba halikufaa kitu, angelilala. Siku chache kabla sijaingia chuoni alishindwa kuvumilia. Tulikuwa jikoni, mama, jirani na mimi, akaja akasimama mlangoni, mahali ambapo hakuwa na desturi ya kufika.

"Dada," alisema, "siku ile nilikwenda kule. Binti yako sikumtaja."

Jirani alikuwa anakuna nazi. Hakusita. "Najua," akasema. "Ulipita mlangoni pangu usinisalimie. Ungelikuwa umemtaja, ungeliniambia kabla hujavua viatu."

Baba akamwomba radhi. Jirani akamwambia ameshampa, na kwamba mtu mwenye mtoto mmoja hufikiri kwa mtoto mmoja, hata yeye mwenyewe. Alisema hayo bila ya ukali. Lakini kuanzia kesho yake aliwasha makaa yake katika seredani ndogo, akapika mlangoni kwake. Mama alimwita, naye akajibu kwa adabu kwamba wao ni wawili tu, hawana haja ya moto mkubwa.

Nilisoma ualimu nikiwa na aibu ya kurudi nyumbani. Nikija, mwenzangu aliniuliza tunafundishwa nini, nami nilimpunguzia. Nilimwambia chakula ni kibaya na walimu wakali, kana kwamba nikiyalalamikia yale ninayoyapata nitakuwa nimemgawia.

Mwaka uliofuata alichaguliwa kusomea uuguzi. Hakuna aliyemsemea. Wakati huo yeye na mama yake walikuwa wamekwisha kuhamia Kikwajuni, katika nyumba mpya za serikali. Baba alipopata habari alinunua kuku, tetea mzuri mwekundu, akavaa kanzu akaenda kwa miguu kumpongeza, nami nikafuatana naye.

Jirani alifungua mlango. Alimpokea kuku, akamshukuru baba, akauliza hali ya mama na mguu wake unaomuuma. Nilimwona mwenzangu nyuma yake, anapiga pasi nguo nyeupe. Akaninyooshea mkono kutoka mbali, nikamnyooshea wangu. Kisha jirani akasema wana kazi nyingi, wanamtayarisha mtoto. Hakutukaribisha ndani.

Tukateremka. Tulitembea mpaka tukakaribia Mkunazini.

"Kuku kampokea," baba akasema.

Nikamjibu, "Naam, baba, kampokea."