Mahali pa Mia Moja Themanini na Sita

Baba yangu alikataa kutoka katika kambi ya wakimbizi kwa sababu ya namba iliyopakwa kwa rangi nyekundu kwenye kibanda chake. Namba yenyewe ilikuwa 186. Mabomu yalikuwa yameanza kuangukia mashamba ya karibu, mimi nilikuwa na chumba kikavu cha kumlaza nyumbani kwangu Katindo, mjini, na mume wangu alikuwa akitungoja Butembo. Baba aliyajua yote hayo. Alisema hatoki.

Mtu akisikia hivyo hudhani mzee alikuwa amechanganyikiwa. Hakuwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kijijini kwetu Kibumba, na mchana alipotoka darasani alilima kabichi na viazi kama jirani zake wote. Lakini kabla ya hapo, ujanani, alisoma seminari. Padri mzee wa Kizungu aliyewafundisha Kiebrania alikuwa amekulia ukuta kwa ukuta na familia ya Kiyahudi, na kutoka kwa jirani hao alikuwa ameokota vipande vya Kabala, elimu ya siri ambamo Wayahudi humtafuta Mungu aliyejificha ndani ya maneno. Kwao kila herufi ni namba. Kwa hiyo kila neno lina jumla yake, na maneno mawili yenye jumla moja huwa kama ndugu waliopotezana: ukiyakutanisha, yana jambo la kuambiana.

Baba aliacha seminari akamwoa mama. Herufi hakuziacha. Alizijua jumla za maneno kwa kichwa, kama vijana wanavyojua matokeo ya mpira. Neno la uhai ni nane na kumi, kwa hiyo kila mmoja wetu alipozaliwa baba alipanda mistari kumi na minane ya viazi, si zaidi. Mavuno yalikuwa mazuri. Baada ya miaka michache nusu ya mlima walikuwa wakipanda mistari kumi na minane, wakiamini ni shauri la agronome, bwana shamba wa serikali. Baba hakuwasahihisha.

Vita vilipofika Kibumba, alishuka na watu wake kwa miguu hadi kambini, kaskazini mwa mji, kando ya barabara ya Rutshuru. Mama alikuwa amekwisha kufa. Nilimfuata siku hiyo hiyo nikamkuta amekaa juu ya jiwe la volkano, viatu mkononi.

"Papa, twende kwangu."

"Kwako wapi? Kwa mukwe wangu."

"Mukwe wako haiko. Eko Butembo."

"Kitanda yake iko."

Kwetu mzee hahamii kwa mume wa binti yake. Hata mwenye nyumba akiwa mbali, kula kwenye sahani yake ni aibu, na aibu hiyo watu huiona hata kama wao wenyewe wanalala mvuani. Nilidhani njaa ingeimaliza. Ningeshinda, nadhani, kama vijana wa msaada wasingepita na ndoo ya rangi kuhesabu vibanda.

Kibanda cha baba kilikuwa matawi yaliyokunjwa na kufunikwa kwa shitingi, lile turubai jeupe la plastiki. Walimwandikia 186 kubwa kando ya mlango. Nilipofika alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi kama aliye kanisani. Alichukua kaa la moto lililozimika akaniandikia juu ya jiwe: arobaini, mia moja, sita, arobaini. Neno la Kiebrania la mahali. Jumla yake ni mia moja themanini na sita. Kisha akaandika herufi nne za jina la Mungu, lile lisilotamkwa: kumi, tano, sita, tano. Akazidisha kila moja kwa yenyewe, akajumlisha: mia moja, ishirini na tano, thelathini na sita, ishirini na tano. Ikatoka 186 ile ile.

"Wayahudi beko na jina moja ya Mungu, ni Mahali tu," akasema. "Mutu mwenye hana mahali, Mungu anamuambia: Mimi hapa. Nilipoteza nyumba, nilipoteza shamba, kaburi ya mama yako iko kule kwa basoda na bunduki yabo. Na bananiandikia hivi ku mulango. Unataka niiache?"

Mahesabu niliyarudia mwenyewe njiani, yalikuwa sahihi.

Jirani yake, mama mmoja wa Masisi mwenye mdomo mwepesi, alikuwa akipepeta mahindi.

"Mama, papa yako alioa ile numero," akaniambia. "Ukitaka atoke, umutafutie ingine ya muzuri kuliko iyi." Akamgeukia. "Muzee, na yetu? Sisi ni cent quatre-vingt-sept, njo inafuata yako. Inasema nini?"

Baba alifikiri kidogo. "Inasema muko na jirani muzuri."

Yule mama alicheka mpaka mahindi yakamwagika.

Wakati huo mji ulikuwa ukibanwa. Barabara ya kaskazini ilikuwa imekatwa. Mume wangu, mfanyabiashara, alikuwa amepanda Butembo kuchukua maharage, barabara ikafungwa nyuma yake. Barabara ya Sake nayo ikafungwa. Meli za Bukavu zilikwenda zilipotaka. Ilibaki njia moja: kuvuka mpaka, kuzunguka Rwanda na Uganda, na kuingia tena nchini kwetu kupitia Kasindi, siku nzima za basi ili kufika mahali ambapo zamani tulifika kwa safari moja. Nilikuwa nimepata karatasi za kuvukia: yangu, ya mtoto wangu mchanga, na ya baba. Mume wangu alipiga simu kila mara mtandao uliporuhusu.

"Unangoja nini?"

"Papa."

"Na papa anangoja nini?"

Ningemweleza vipi kwenye simu? Nilimwambia mume wangu kwamba baba anajisikia vibaya. Hakuniuliza ugonjwa gani.

Kwa hiyo niliishi kati ya Katindo na kambi. Asubuhi malori ya askari yalitoka kwenye kambi yao jirani na kwetu, nami nilihesabu milio ya lango lao bila kutaka. Nilipanda pikipiki na mtoto mgongoni, nikampelekea baba fufu na sombe ya majani ya muhogo, nikaomba, nikakataliwa, nikarudi. Nilianza kuichukia namba ile kama mtu anavyomchukia mke wa pili. Lakini nilipomwona baba mlangoni pake, ametulia, akiwafundisha watoto wa kambi kujumlisha, nilijua ndiyo kitu pekee kilichomshika wima. Sikuthubutu kuipaka tope.

Kisha vijana wa rangi wakarudi. Wakimbizi walikuwa wameongezeka, vibanda vimebanana, hesabu ya zamani haikufaa tena. Safari hii walianzia upande mwingine wa kambi. Nilikuwepo. Mmoja alipiga mstari kuikata 186, chini yake akaandika 380.

"Kijana," baba akamwambia kwa adabu, "ya zamani mungeiacha."

"Muzee, iyi njo ya mupya. Bila iyi hautakula."

Baba aliketi. Hakuhitaji kaa. Aliangalia namba kwa muda, midomo ikicheza, kisha akacheka kidogo, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama afe.

"Ni Misri," akasema. "Arobaini, tisini, mia mbili, kumi, arobaini. Misri. Ao ni anga, anga pia ni ile ile, trois cent quatre-vingt. Lakini chini ya anga nimeshalala ya kutosha."

"Basi, papa?"

"Mutu habakie Misri, mama. Kesho natoka."

Nilirudi Katindo na moyo mwepesi. Nilifua shuka, nilimtandikia katika chumba cha kuhifadhia maharage, si kwenye kitanda cha mukwe wake. Nilimpigia mume wangu nikamwambia tunavuka wiki hiyo. Akasema Mungu asifiwe. Nilimnunulia baba sabuni na soksi.

Kesho yake, mapema, nilikuta kibanda kitupu. Kwenye shitingi, kando ya mlango, palikuwa na tundu la mraba lililokatwa kwa kisu. Alikuwa ameacha 380 na kuchukua 186 pamoja na mstari wake.

"Alienda na bamama ba viazi," jirani akaniambia. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Nilijua unajua."

Wanawake wa viazi niliwajua. Njaa ilipozidi walipenya alfajiri hadi mashamba yao waliyoyaacha, kati ya askari wa upande huu na wa upande ule, wakachimba haraka wakarudi. Baba alikuwa amewafuata. Mimi nilisikia kutoka, nikafikiri Katindo. Yeye aliposema kutoka Misri alikuwa na nchi yake mwenyewe kichwani, na nchi hiyo ilikuwa Kibumba.

Niliketi kwenye jiwe lake nikawangoja. Walirudi na magunia nusu. Baba hakuwemo.

Mmoja wao, jirani yetu wa zamani, alisema alimwacha baba kwenye shamba letu, ameinama, akitembea kutoka mstari hadi mstari. Alimwita mara mbili. Baba alimpungia mkono tu, kisha risasi zikaanza nao wakakimbia.

Baadaye nilimpata mchuuzi wa mkaa aliyekuwa amevuka kutoka upande wa pili wa mapigano. Akasema siku ile ile, jioni, alipishana na mzee mrefu, peku, karibu na Rumangabo, mbali kupita Kibumba, akipanda na barabara ya kaskazini. Mabegani alikuwa amejifunika kipande cha shitingi. Kaskazini, barabara ile inafika Butembo, kwa mume wangu.

"Ile shitingi," nikamuuliza, "ilikuwa na maandishi mekundu?"

"Sikuangalia, mama. Ilikuwa inanyesha."

Mume wangu bado anapiga simu. Kila mara namuuliza kama kuna mzee yeyote aliyefika mlangoni. Kila mara ananijibu hapana, kisha ananiuliza nangoja nini. Karatasi tatu za kuvukia ziko ndani ya begi, na begi liko kwenye chumba nilichomtandikia baba.