Nyanya Aliyeingia Mtoni na Ebitinge

Juzi nilipita kanisani kwetu Gesima nikakuta wamejenga kidimbwi cha kubatizia: vigae vya bluu, maji ya mfereji. Nilikisifu, maana ni kizuri. Lakini nikwambie ukweli, rafiki yangu, niliposimama pale hasira ya miaka ya sitini ilinipanda upya.

Sisi tulibatiziwa mtoni, chini ya mashamba ya majani chai, kwenye maji baridi ya kutetemesha meno. Nyanya ndiye aliyenilea. Miguuni alivaa ebitinge, zile pete za chuma alizovishwa mwanamke wa Kikisii akiolewa, asizivue mpaka mume afe. Akitembea zililia, nasi wajukuu tuliokuwa tumelala migombani tukila ndizi badala ya kuchuma mboga za chinsaga tuliinuka mbio tukajifanya tuna bidii.

Nyanya alihudhuria darasa la ubatizo miaka minne. Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mafungu ya Biblia jioni akipepeta wimbi, naye akayashika kuliko mimi. Kila mwaka ubatizo ukikaribia, mchungaji, mtu wa kutoka upande wa ziwa, alimtaka avue vile alivyoviita vyuma vya kipagani. Kila mwaka alikataa, akarudishwa darasani kama mtoto aliyeanguka mtihani. Iliniuma sana.

Zamu yangu ilifika nikiwa na miaka kumi na miwili. Tulipanga foleni ukingoni na kanzu zetu nyeupe, kwaya ya akina mama ikiimba. Mara nikasikia vyuma vikilia njiani. Nyanya alikuwa akishuka, amejifunga shuka jeupe la kitandani. Hakuna aliyemwita. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Mama, nilikuambia toa hizo vyuma kwanza," mchungaji akasema akiwa ndani ya maji.

"Pasta, hii ni bwana yangu amenivalisha. Nikitoa, nimesema amekufa. Na yeye ako nyumbani, nimemwacha akikunywa uji."

"Basi ngoja."

"Nimengoja miaka nne."

Kwaya ikanyamaza. Nikasema, kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe, kwamba Nyanya asipoingia nami siingii. Akanifinya sikio mbele ya watu wote, akaniambia kwa Ekegusii niingie, nisimfanye yeye kisingizio. Nikaingia nikilia, nikazamishwa nikilia. Nilipoibuka, Nyanya alikuwa amepita pembeni na maji yamemfika kifuani. "Bwana Yesu, miguu yangu unaijua," akasema, akajizamisha mwenyewe. Alipoibuka akihema, mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo na wengine wakaitikia.

Jina lake halikuandikwa katika kitabu cha waliobatizwa. Lakini mwaka uliofuata wanawake watatu wenye ebitinge, ambao hawakuwahi kukanyaga kanisani, walikuja kuketi nyuma kabisa. Hakuna mhubiri aliyewaleta.

Babu alifariki miaka ya sabini, na Nyanya akavua ebitinge zake kama desturi inavyotaka. Baada ya matanga wazee wa kanisa wakaja kumweleza kwamba sasa kizuizi kimeondoka, abatizwe. Aliwapa chai na ndizi za kuchemsha, akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akawauliza, "Nibatizwe tena? Kwani siku ile Mungu alikuwa amesafiri?" Wakamaliza chai yao wakaenda. Alipokufa walikataa kuongoza mazishi, tukamwimbia wenyewe, wajukuu na akina mama wa kwaya, mpaka sauti zikakauka.

Mto ule sasa ni kijito, mikaratusi imeunywa. Wale akina mama wamekwisha, na wasichana wa leo hawajui hata ebitinge ni nini. Mimi ndiye mwalimu wa darasa la ubatizo siku hizi. Nawafundisha kwamba kubatizwa ni kumfuata Kristo mbele ya macho ya watu, hata wale wanaokuzuia, na mfano wangu ni Nyanya. Wazee wamenikanya mara mbili, wakisema kitabu hakina jina lake. Nami nawajibu kwamba kitabu hakikuwa mtoni. Mimi nilikuwepo.