Kichwa Hiki si cha Hapa

Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo mjini Kitale, kwa hivyo kutwa nzima nawafundisha watu namna ya kufanya vitu vimee. Mkulima akiniletea jani la mahindi lililogeuka manjano, nalitupia jicho mara moja namwambia shida iko wapi. Sasa mtu kama huyo akianza kupukutika nywele, wateja watanyamaza? Hawakunyamaza. Mzee mmoja aliniuliza ati kwa nini nisijinyunyizie mbolea ya kukuzia. Duka zima likacheka, nami nikacheka kwa meno huku moyoni namtukana.

Halafu, jamani, nikajipaka kweli. Ile mbolea ya maji ya sukuma wiki niliichanganya na mafuta ya nazi, nikajisugua utosini bafuni, mlango nimeufunga kwa komeo. Nilijiambia kama sukuma inapenda, kichwa kitakataa kwa nini? Kulipokucha ngozi ilikuwa imevimba na inawasha kama nimelalia upupu, na zile nywele chache zilizokuwa zimebaki hapo juu ziliondoka na magamba. Mke wangu hakunionea huruma hata kidogo. Alinisukuma mpaka kwa daktari wa ngozi.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Aliniambia mbolea niwaachie mboga. Kisha akanieleza, na nilimsikiliza vizuri maana mwili ulikuwa wangu. Kwa wanaume wengi kipara si uchafu, si kofia, wala si kurogwa. Ni homoni ya kiume inayofanya mizizi ya nywele isinyae polepole kwa mtu aliyezaliwa na mwelekeo huo. Kila unywele unaoota unakuwa mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka mwishowe hauoti. Iko dawa ya kupaka na iko ya vidonge. Zote zinataka subira ya miezi, na ukiziacha, ulichopata kinaondoka. Palipokwisha kung'aa kabisa hawezi kuniahidi kitu. Vidonge navyo vina madhara kwa wanaume wengine, kwa hivyo nisithubutu kuviokota sokoni.

Hayo yote niliyameza. Kilichonikwama kooni ni swali aliloniuliza huku anaandika, wala hakuinua macho. Kwenu nani ana kipara? Nilifungua mdomo nimjibu, nikakosa wa kumtaja.

Kule kwetu Myanga, Bungoma, baba yangu alikuwa na kichwa cheupe kilichojaa kama kondoo. Babu alizikwa na nywele zake. Baba zangu wadogo wote wanazo, na ndugu zangu wawili kila mwezi wanamtajirisha kinyozi. Mimi ndiye kifungua mimba, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa natazama kioo kikinicheka. Daktari alisema jambo hili laweza kuja kwa upande wa mama pia. Lakini upande wa mama sikuujua. Mama alitoka Kapsokwony, wazazi wake walikufa kabla sijazaliwa, na kaka zake walitawanyika wakitafuta kazi za shamba. Na tena sikio langu lilikuwa limeshaziba. Nilitoka pale, nikashika ukuta wa kliniki, nikajiuliza kitu ambacho mtu mzima mwenye watoto hatakiwi kujiuliza. Mimi ni mtoto wa nani?

Utamuuliza nani swali kama hilo? Kumuuliza mama ni kumtukana. Kumuuliza baba ni kumwua. Basi nikavaa kofia, nikapaka dawa ya daktari asubuhi na jioni, nikanyamaza. Halafu simu ikapigwa kutoka nyumbani. Baba alikuwa ameamka vizuri, akanywa chai, akaenda kufungulia ng'ombe, akaanguka hapo hapo zizini. Mpaka leo sijui nilifikaje Bungoma. Nakumbuka tu kwamba nilipoona jeneza nilikuwa nimeshika kofia kichwani kwa mikono miwili, kana kwamba kuna upepo.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi watu wa marehemu wananyolewa. Kifo kimegusa nywele hizo, kwa hivyo zinatolewa, zile mpya zinaota na maisha. Wengine siku hizi wanakatwa kishungi kidogo tu ili kanisa na mila vyote viridhike, lakini shangazi yangu mkubwa hana mambo ya kishungi. Ni mjane, ni dada ya baba, na wembe ni wake. Tuliketi uani mbele ya ukoo mzima. Akaanza na wadogo zangu, maana mimi nilikuwa najivutavuta. Nywele zao zilianguka kwenye majani ya ndizi kwa mafungu. Kisha akanigeukia, akanivua kofia yeye mwenyewe, akalowesha mkono kwenye beseni, akaupitisha utosini mwangu. Mkono ukasimama.

"Hii kichwa si ya hapa," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuta ng'ombe wa jirani katika zizi lake, na hilo ndilo lililonimaliza. Akaongeza kwamba kwao hakuna kipara, hakijawahi kuwako, na kaka yake ameenda mchangani na nywele zake zote. Watu wetu wanaamini lisemwalo lipo, na niliona macho yakihama, yakitoka kwangu taratibu yakienda kwa mama yangu, aliyekaa kwenye mkeka wa wajane, kaburi la mumewe bado bichi. Damu ilinichemka. Nilitaka kulipiga teke lile beseni. Nilitaka kusema alichosema daktari, homoni, mizizi, pande zote mbili. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeuliza vilevile, bana. Ningemtetea kwa mdomo gani?

Mama alisimama. Si mtu wa kusimama haraka, magoti yanamsumbua, lakini alisimama na kuja mpaka mbele ya shangazi. Akapeleka mikono kisogoni, akafungua kitambaa.

Mungu wangu. Nimezaliwa na huyu mama, nimenyonya kwake, na sikuwa nimewahi kuona kichwa chake. Nilijua tu vitambaa, cha kanisani, cha shamba, cha kulalia. Utosi ulikuwa mtupu, unang'aa juani, na nyuma na pembeni ndiko kulikobaki ukingo mwembamba wa mvi. Mwanamke mmoja nyuma yangu alishika mdomo. Ndugu yangu mdogo aliinamisha uso. Mimi nilimkodolea macho tu, maji ya beseni yananitiririka shingoni.

"Mulamwa, angalia vizuri," alimwambia shangazi, akimwita wifi kama walivyoitana tangu usichana wao. "Hii kichwa ni ya baba yangu, ikakuja kwangu, ikaenda kwa huyu. Kaka yako alijua. Alikuwa ananipaka mafuta yeye mwenyewe, kila jioni, mlango umefungwa, ndio hakuna mtu anicheke."

Akaketi mbele ya shangazi ili anyolewe. Shangazi alisogeza wembe, akautafutia mahali pa kuanzia. Mama akageuza uso kuelekea kaburini, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, sauti ikamkatika.

"Sasa nani atanipaka?"

Shangazi aliweka wembe chini, akaketi kando yake, akaanza kulia. Mimi nilienda ndani kutafuta mafuta.